Kizazi Changu, Siri Yake

Simu ya mumewe ililia mume akiwa bafuni, na mkono wa mke ukaifikia kabla akili haijamkataza.

"Haloo," sauti ya mwanamke ikasema upande wa pili, laini, ya haraka, bila hata kusubiri kujua aliyepokea ni nani. "Njoo leo mchana, baada ya chakula. Atakuwa peke yake." Ikakatika.

Mke alibaki ameishika simu kama mtu aliyeokota kitu cha moto asijue pa kukitupa. Maji ya bafuni yaliponyamaza aliirudisha mezani pale pale, skrini chini, kama alivyoikuta.

Mumewe akatoka amejifunga taulo, mabega yanachuruzika. Alikuwa fundi vioo, mrefu, mikono yake imejaa vialama vidogo vyeupe vya mikato ya miaka. Hata baada ya miaka tisa ya ndoa, mkewe bado alikuwa na tabia ya kumtazama akitoka kuoga kisha kujifanya anatafuta kitu kabatini. Leo alimtazama vingine.

"Nani alipiga?"

"Walikosea namba."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, na ulikuwa wake yeye.

"Mchana sitarudi kula," mume akasema huku akivaa shati. "Kuna mteja nakwenda kumpimia madirisha."

"Mteja gani?"

"Mteja tu."

Mume huyu alikuwa mtu wa kusimulia wateja wake mpaka rangi ya mapazia yao. Angekueleza nani ana mbwa mkali, nani alimpa chai haina sukari, nani alitaka kioo cha bafuni kikubwa kuliko bafu lenyewe. Tangu lini akawa na "mteja tu"?

Mke mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa haubanduki kwenye kile kipedali cha ziada upande wa mwalimu, na kwa sababu hakuna kosa lililompita. Walikutana na fundi siku kioo cha mbele cha gari la shule kilipopasuka. Kazi ya asubuhi moja fundi aliifanya kutwa nzima, na kesho yake akarudi "kuangalia kama gundi imeshika". Keshokutwa akarudi tena. Mwisho Breki akamwambia, "Kama ni gundi, imeshashika. Kama ni mimi, sema." Fundi akasema.

Hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni uvimbe kwenye kizazi cha Breki, uliotolewa mara moja, ukaota tena, mwingi zaidi. Kila mwezi alikuwa anavuja damu kama bomba bovu. Alikaa juu ya mto mweusi garini, alibeba nguo ya kubadilisha kwenye mfuko, na alijua choo safi kilipo katika kila mtaa wa mji ule. Mwezi uliopita kizunguzungu kilimshika katikati ya mzunguko wa barabara, mwanafunzi ndiye mwenye usukani, na kwa mara ya kwanza mguu wake ukashindwa kufika kwenye breki. Walipona kwa bahati.

Daktari wake, mzee mwenye miwani ya dhahabu, alipoona vipimo alisema bila kuzunguka: kizazi kitolewe. Breki alilia siku mbili, kisha akarudi kuulizia tarehe. Lakini safari hii daktari alikuwa mtu mwingine kabisa. Akapanga kalamu zake mezani. Akakohoa. "Tujaribu vidonge kwanza, mama. Mambo haya hayataki haraka." Na muda wote huo hakumtazama usoni.

Breki alirudi nyumbani na swali. Mtu anabadilikaje hivyo ndani ya siku chache? Amenificha nini huyu mzee?

Halafu Jumapili akaja wifi yake, dada mkubwa wa fundi, mwenye duka la vitambaa na maoni juu ya kila jambo.

"Wifi, mimi sisemi kitu," alianza, na Breki akajua kitasemwa kingi. "Ila mwanamke akishatolewa kile kitu, anakuwa wa baridi. Mwanamume aape asiape, miguu itampeleka nje. Na mdogo wangu hana hata mtoto wa kusingiziwa. Mimi nakupenda ndiyo maana nakwambia."

Breki alimgeukia mumewe. Fundi alikuwa anakitazama kikombe chake cha chai kama kina maandishi ndani. Hata "acha hayo, dada" hakusema.

Sasa, akiwa amesimama chumbani na ile sauti laini bado iko sikioni, Breki alivichukua vyote akavipanga mstari mmoja: ukimya wa Jumapili, mteja tu, atakuwa peke yake. Vikapangana vizuri mno.

*

Mwanafunzi wake wa mchana ule alikuwa bibi mmoja mjane, mkunga mstaafu aliyeamua uzeeni kwamba hataki tena kuomba lifti. Walimwita Bibi Kona, maana barabara iliyonyooka aliiweza vizuri, lakini kona ilikuwa kila mara ni habari mpya kwake.

"Leo tunajifunza nini, mwalimu?"

"Leo tunajifunza kufuata gari la mbele kwa umbali salama," Breki akasema, macho yako kwenye karakana ya vioo ng'ambo ya barabara. Pikapu ya mumewe ilikuwa inatoka. "Lile jeupe. Washa indiketa. Twende."

Wakaenda. Kibao cha L kinacheza mbele, gari linaruka ruka kila gia inapobadilishwa, bibi ameukumbatia usukani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ile si pikapu ya mumeo?"

"Ni gari kama gari lingine, bibi. Klachi."

"Haya. Basi na tulifuate kama gari lingine."

Walipita sokoni, wakapita kituo cha mafuta. Kwenye kona ya benki bibi alipanda ukingo wa barabara, akashuka, akaomba radhi kwa mwenye mkokoteni. Breki hata hakukemea. Alikuwa ameshamuumba yule mwanamke kichwani: mdogo, mnene kidogo mahali pa kunenepa, anayefungua mlango wa nyumba tulivu na kusema karibu ndani. Mwenye kizazi kizima.

Pikapu ikakata kulia, ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye geti la kijani.

"Simama," Breki akasema. Bibi hakusimama upesi, kwa hiyo mwalimu akakanyaga mwenyewe.

Geti lile alilijua. Alikuwa ameketi kwenye mabenchi yake mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka. Ilikuwa kliniki ya daktari wake mwenyewe.

"Nisubiri hapa, bibi. Usiguse kitu."

"Kwa kona hizi, mwanangu, niende wapi?"

Mapokezi hapakuwa na wagonjwa. Muuguzi aliyeketi nyuma ya meza aliinua kichwa, akashtuka. "Mama! Mbona leo si siku yako?"

Sauti laini, ya haraka. Breki aliitambua pale pale. Kwa hiyo aliyekuwa peke yake alikuwa daktari. Moyo wake ulishuka, ukatua, ukapumzika kwa sekunde moja. Kisha ukapanda tena, maana swali la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza: mume wangu anatafuta nini kwa daktari wangu, kwa siri?

Mlango wa chumba cha daktari haukufungwa vizuri. Sauti ya mumewe ilikuwa inatoka, ya chini, ya kubembeleza, sauti aliyodhani ni yake yeye peke yake duniani.

"Endelea kumwambia vidonge, daktari. Nakuomba. Akikuuliza mwambie bado kuna nafasi."

"Nimeshakusikiliza vya kutosha, kijana wangu. Nilikubali nikidhani mnahitaji muda wa kuzungumza. Hamjazungumza. Damu yake imeshuka sana. Siwezi tena kumdanganya yule mama."

Breki akausukuma mlango.

Daktari alivua miwani. Fundi alisimama, akaketi, akasimama tena, kama mtu aliyesahau miguu inatumikaje.

"Wewe," Breki alimwanza daktari. "Nilikuja kwako mimi. Nilivua nguo mimi. Nilikueleza mambo ambayo sijamweleza hata mama yangu mzazi. Halafu ukayazungumza na mtu mwingine?"

"Ni mumeo, mama. Nilidhani..."

"Anavuja damu yeye?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nimekosea," akasema. "Sina utetezi."

"Basi nipe vipimo vyangu. Vyote. Nakwenda kutafuta mtu wa kunitibu mimi."

Alipewa bahasha yake na akatoka nayo ameikumbatia kifuani. Fundi akamfuata mpaka uani, mpaka chini ya ukuta ambapo pikapu ilikuwa imeegeshwa, vioo viwili vikubwa vimefungwa mgongoni mwake. Walijiona mle wote wawili, amesimama huyu, amesimama yule, nafasi katikati.

"Breki. Mke wangu. Nisikilize."

"Nilidhani una mwanamke," akasema. "Nimekufuata mji mzima na mwanafunzi asiyejua kona. Nilikuwa nimeshajiandaa, unajua? Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Afadhali ingekuwa mwanamke."

"Usiseme hivyo."

"Mwanamke angenichukulia mume. Wewe umenichukulia mwili wangu ukaenda kuupangia na watu."

Fundi alijishika uso. Alipouachia, macho yalikuwa yameiva. "Nilikuwa na mama mdogo. Humjui. Ndiye aliyenilea. Alikuwa na uvimbe kama wako. Aliingia hospitali kwa miguu yake, anacheka, amebeba begi lake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Walimtoa kizazi, na yeye hakuamka. Nilirudi nyumbani na lile begi. Daktari aliposema neno lile kwako, nililisikia begi mkononi."

"Miaka tisa hukuwahi kuniambia."

"Sijawahi kumwambia mtu."

"Kwa hiyo ukaona bora niishe polepole mbele ya macho yako? Tone kwa tone, kila mwezi, kwa sababu hilo umelizoea?"

Mtu alipita na baiskeli, akawatazama, akaongeza mwendo.

Breki akashusha sauti, na sasa ilikuwa hatari zaidi. "Niambie ukweli mmoja tu. Ni woga peke yake? Au dada yako amekwisha kukujaza, na unangoja mtoto?"

Ungeweza kuona uongo ukimjia mdomoni, mzuri, wa huruma. Akaumeza.

"Nilimtaka mtoto," akasema. "Mpaka leo namtaka. Kuna siku nawaona watoto wa watu wakitoka shule, nasimamisha gari mpaka wapite, si kwa ajili ya sheria ya barabara. Lakini mtoto huyo simjui, Breki. Wewe nakujua. Nikiambiwa nichague kati ya nisiyemjua na wewe, hata sitaulizwa mara mbili."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mmoja wao kulisema jambo hilo kwa sauti. Breki alitamani kumshika. Alitamani pia kumrushia bahasha ile usoni. Alisimama na tamaa zote mbili mpaka zikamchosha.

"Jumapili ulinyamaza," akasema. "Dada yako aliniita wa baridi mezani kwangu, ukanyamaza. Leo unaniambia maneno matamu penye ukuta. Mimi nitajuaje yupi ndiye wewe?"

Akageuka. "Kalale kwa dada yako. Nikikuhitaji nitakuita."

*

Bibi Kona aliendesha polepole kurudi. Hakuuliza kitu mpaka walipopita sokoni, Breki akiwa amegeuzia uso dirishani.

"Ni kizazi, siyo?"

Breki akageuka kama aliyechomwa. "Nani amekwambia?"

"Mto mweusi umeniambia. Nimekuwa mkunga, mwanangu. Na mimi mwenyewe nilitolewa, wewe bado hujaolewa."

Breki alimchunguza yule bibi kwa jicho lake la kutafuta makosa. Siku ile kila mtu alikuwa na jambo chini ya jambo. "Na unaniambia hayo ili iweje? Una daktari wako unayempelekea wateja?"

Bibi alicheka mpaka gari likayumba. "Ninaye, ndiyo. Hanipi hata senti. Lakini usimkubali kwa sababu nimesema mimi. Mwulize. Mwulize amefanya upasuaji huu mara ngapi na wangapi walipata matatizo. Mwulize anatoa nini na anaacha nini. Mwulize kama kuna njia nyingine, na kwa nini hiyo njia haikufai. Akikasirika kwa maswali, chukua mkoba wako uondoke. Usitafute daktari mpole, tafuta anayejibu."

"Na baada ya kutolewa..." Breki alisita. "Wewe na marehemu..."

"Mimi na marehemu tulipata raha tuliyokuwa hatujaipata tangu ujana. Hakuna damu, hakuna maumivu, hakuna kuhesabu siku. Jirani alikuwa anagonga ukuta."

"Bibi! Kona! Kona!"

*

Siku tatu Breki alilala peke yake kitandani, na siku zote tatu fundi alipita mapema asubuhi akasimama nje ya dirisha, akauliza tu, "Umeamkaje?" na akaenda kazini. Siku ya nne Breki alijibu, "Nina miadi leo. Utaniendesha. Hutasema kitu mpaka uulizwe."

"Sawa."

Daktari mpya, yule wa Bibi Kona, alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya raba, nywele fupi zina mvi pembeni. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina dirisha linalotazama kuta za wadi. Breki alikagua kila kitu: mikono ya daktari, kucha, jinsi anavyosoma vipimo bila kuruka kurasa. Alitafuta sababu ya kuondoka.

"Baba, naomba utusubiri nje," daktari akasema.

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe hakusema baki. Akatoka.

"Sasa," daktari akasema, "kabla ya uvimbe. Kuna mtu anayekulazimisha kufanya upasuaji huu? Au anayekulazimisha usiufanye?"

Breki alitegemea swali lolote isipokuwa hilo. "Walijaribu kunizuia," akasema. "Kwa mapenzi, wanasema."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka kuelewa. Nimechoka kuambiwa mambo nusu. Unatoa nini hasa?"

Daktari akavuta karatasi tupu, akachora: umbo kama pea iliyopinduliwa, mikono miwili inatoka pembeni, na mwisho wa kila mkono kijiduara. "Hiki ndicho kizazi chenyewe. Uvimbe wako uko hapa, hapa, na mwingine umejikita ndani ya ukuta. Natoa hiki pamoja na shingo yake. Hivi viduara viwili ni ovari, mifuko ya mayai. Zikiwa nzima, naziacha. Hizo ndizo zinazotoa homoni, kwa hiyo hutazeeka ghafla. Hutapata hedhi tena. Na hutabeba mimba. Hilo nataka ulisikie vizuri, kwa sababu halina kurudi nyuma."

"Nimelisikia."

"Njia nyingine zipo. Kuna vidonge, kuna sindano, kuna kifaa cha kuwekwa ndani, kuna kuondoa uvimbe peke yake, na baadhi ya hospitali huziba mishipa inayoulisha. Wewe uvimbe ulishaondolewa ukarudi, vidonge umemeza na damu haikukata, na kwa ukubwa huu na mahali ulipokaa, hizo nyingine sioni zikikusaidia sana. Hata hivyo, ukisema unataka kujaribu kupata mtoto kwanza, nitakueleza hatari zake na nitakusaidia kadiri niwezavyo. Sitakusukuma."

"Umefanya upasuaji huu mara ngapi?"

"Mamia. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, nimewahi kuwa na waliotoka damu nyingi, na mmoja niligusa kibofu chake, nikakishona hapo hapo. Hakuna daktari mkweli atakayekwambia hajawahi."

Breki alimkazia macho akitafuta ufa. Hakuuona. Na kwa sababu hakuuona, alithubutu kuuliza lile lililomkaa tangu Jumapili, akiangalia sakafu. "Wanasema mwanamke anakuwa wa baridi."

"Wanasema akina nani?"

"Wifi."

"Wifi yako ni daktari?"

"Anauza vitambaa."

Daktari hakucheka, ila mdomo ulimcheza. "Wiki sita hivi mtapumzika kabisa, mpaka nikupime. Wapo wanaopata ukavu au kubadilika kidogo, na hilo tunalitibu. Wengi wanaona nafuu, maana hamu haina makao ndani ya kizazi, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yanaiua. Ila huzuni inaweza kukujia, hata kama umeamua mwenyewe. Ikija usiifiche. Mwambie mtu."

Breki akaitazama tena ile karatasi ya mchoro. Kisha akasema, "Mwite."

Fundi aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti, mikono yake ya mikato imefungana. Daktari akamweleza kwa ufupi yale ambayo Breki alimruhusu kuyasema. "Una swali, baba?"

Alikuwa nalo moja tu, na lilimchukua muda kulitoa.

"Ataamka?"

"Ninaamini ataamka. Tutamwongezea damu kwanza, tutampima moyo, na mtaalamu wa usingizi atakaa naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Hatari ni ndogo. Lakini siwezi kukuapia, na anayekuapia usimpe mkeo."

Breki alimwona mumewe akipauka. Akangoja. Hapa ndipo angejua. Fundi angesimama, angesema tuondoke, angeanza tena kubembeleza kwa ile sauti ya chini.

Fundi akamgeukia. "Uamuzi ni wako," akasema. "Naogopa sana. Lakini sitasimama mlangoni."

*

Wiki iliyofuata, asubuhi, walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Fundi alitembea pembeni amemshika vidole mpaka mlango ulipowatenganisha. Breki aligeuza kichwa kumtazama kwa mara ya mwisho. Akiwa chini ya taa kubwa, barakoa ya dawa ya usingizi ikimsogelea, bado moyo wake ulikuwa na kipande kimoja kilichokataa kuamini. Atakuwepo nikiamka? Au dada yake atamshika mkono aondoke naye?

Alipofumbua macho, tumbo lilikuwa zito kama limewekewa tofali, koo limekauka. Dirisha. Pazia. Kiti pembeni ya kitanda.

Kiti kilikuwa kitupu.

Basi, akawaza. Hata hasira hakuwa na nguvu nayo. Machozi yalimteremka kuelekea masikioni.

Ndipo aliposikia sauti korido, nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Mimi nakuonea huruma wewe, mdogo wangu," wifi alikuwa anasema. "Sasa ndiyo imekwisha. Utazeeka na nani? Yupo binti mmoja wa heshima..."

"Dada." Sauti ya fundi haikuwa kubwa, wala haikuwa ile ya kubembeleza. Breki hakuwahi kuisikia. "Jumapili ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimuumiza mke wangu kuliko maneno yako. Sinyamazi tena. Ukitaka kuingia humo ndani, utaingia kumpa pole. Ukiwa na neno jingine, ngazi ndizo zile."

Kikafuata kishindo cha viatu vya wifi. Breki alisikiliza kwa makini viendako. Vilisimama. Vikasita. Halafu, polepole, vikaenda kuketi kwenye benchi la korido.

Fundi akaingia, akakuta macho ya mkewe yako wazi. Akasimama pale pale mlangoni. Shati lake lilikuwa limekunjamana, kifungo kimoja kimekosea tundu, na macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba kama ya mtu aliyemenya vitunguu kutwa.

"Umeamka," akasema.

"Nimeamka." Sauti ilimtoka kama karatasi. "Ulilia?"

"Mimi? Hapana. Mafua tu."

"Yamekuanza lini?"

Fundi alivuta kiti karibu kabisa, akakichukua kiganja cha mkewe, akakiweka shavuni kwake palipokuwa bado na unyevu.

"Walipoufunga ule mlango," akasema.